Sauti iliyopenya kwenye kitufe cha volyumu

Nimepotea kidogo, na kilichonipoteza ndicho nitakachowasimulia leo.

Siku tatu mfululizo, usiku baada ya kazi, nimekuwa nikijaribu kuifanya kompyuta ya mwaka 1982 iseme neno moja tu la Kiswahili: "Umekula?" Sauti ni ya mama yangu. Nilimrekodi alipopiga simu Jumapili (swali hilo kwake hutangulia hata salamu), nikaikata rekodi, nikaipunguza ubora mpaka ikaingia kwenye baiti 4,000, kisha nikaandika programu fupi kwa asembli ya kuicheza. Kompyuta yenyewe sina. Commodore 64 sijawahi hata kuigusa kwa mkono. Ninayotumia ni VICE, programu ya bure inayojifanya kuwa Commodore 64 ndani ya laptopu yangu.

Matokeo? Kimya. Nikiongeza sauti ya laptopu hadi mwisho nilisikia kitu kama mtu anayekwaruza ukuta nyumba ya tatu. Nikakagua programu mstari kwa mstari. Nikabadilisha saa, nikageuza mpangilio wa biti, nikamlaumu kila mtu. Usiku wa tatu, saa saba kasoro, nikaingia kwenye menyu ya VICE na kubadilisha kitu kimoja ambacho sikukijali mwanzoni: aina ya chipu ya sauti. Nilikuwa nimechagua 8580, ambayo ni mpya zaidi, kwa imani kwamba mpya ndiyo bora. Nikaweka 6581, ile ya zamani. Mama akasema "Umekula?" kwa nguvu mpaka nikaruka kwenye kiti.

Programu yangu haikuwa na kosa hata moja. Chipu mpya ndiyo iliyokuwa imerekebishwa, na marekebisho hayo ndiyo yaliyoiua sauti. Nilitaka kujua ilikuwaje, na hii ndiyo hadithi niliyoipata.

Tuanze na mashine. Commodore 64 ilitoka Marekani mwaka 1982 kwa dola 595. Ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 na prosesa inayopiga mara milioni moja hivi kwa sekunde. Ziliuzwa zaidi ya milioni 12 kabla ya kampuni kufa mwaka 1994. Simu ya bei rahisi kabisa inayouzwa pale mtaani Luthuli ingeziaibisha mia kwa mpigo. Lakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho wenzake wa wakati huo hawakuwa nacho, chipu ya sauti iliyoitwa SID, ambayo jina lake la kiwandani ni 6581.

SID ilibuniwa na kijana aitwaye Bob Yannes katika kampuni ya MOS Technology iliyomilikiwa na Commodore. Yannes alikuwa mpenzi wa vinanda vya kielektroniki, na alitaka kukiweka kinanda cha kweli ndani ya kompyuta ya nyumbani. Akaipa chipu yake sauti tatu. Kila sauti inaweza kutoa wimbi la pembetatu, la msumeno, la mraba, au kelele tupu kama ya mvua kwenye mabati. Juu yake akaweka kichujio cha kukata masafa, na rejista 29 za kuyaongoza yote haya. Hata leo kuna wanamuziki wanaoinunua kwa ajili ya mlio wake.

Lakini angalia kisichokuwemo: mahali pa kuweka sauti iliyorekodiwa. SID hujitengenezea mawimbi yenyewe. Unaiambia "piga noti hii, kwa wimbi hili, kwa muda huu" nayo hutii. Ukitaka sauti ya mtu, au ngoma ya kweli, au mlango unaofungwa, hapo huna pa kuipitisha.

Kwa wasiojua, sauti iliyorekodiwa ndani ya kompyuta ni namba tu. Kipaza sauti hupima msukumo wa hewa mara maelfu kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba moja. Hicho kipimo kimoja ndicho sampuli. Sidii za muziki huwa na sampuli 44,100 kwa sekunde, na kila moja ina biti 16, yaani ngazi 65,536 kutoka chini hadi juu. Kuicheza ni kurudisha: chukua namba, igeuze kuwa volteji, isukume spika mbele au nyuma, kisha ufuate na namba inayofuata kwa wakati wake kamili. Kwa hiyo unahitaji kitu kimoja tu kwenye mashine, mahali pa kuandika namba ili spika isogee kulingana nayo.

Commodore hawakuwa wa kwanza kubanwa hivyo. Apple II ya mwaka 1977 ilikuwa na spika isiyojua namba kabisa. Ilikuwa na anwani moja, 49200, na kila ukiigusa anwani hiyo spika inageuka: kama ilikuwa ndani inatoka, kama ilikuwa nje inaingia. Hiyo ni biti moja. Pamoja na hayo, mwaka 1981 Silas Warner alitoa mchezo wa Castle Wolfenstein ambamo walinzi wanakufokea kwa Kijerumani kupitia hiyo biti moja! Ukisikiliza unadhani wanaongea wakiwa ndani ya debe, lakini ni maneno, na ukiyasikia unakimbia. Spika za kompyuta za IBM nazo zilikuja kutendewa hivyohivyo, na kampuni ya Access Software ikaiita mbinu yake RealSound mwishoni mwa miaka ya 1980.

Turudi kwa SID. Miongoni mwa zile rejista 29 kuna moja kwenye anwani 54296. Biti zake nne za chini ni volyumu ya chipu nzima, kutoka 0 hadi 15. Hakuna jambo la kawaida kuliko hilo, maana kila redio ina kitufe cha volyumu. Na hapa ndipo kasoro ilipokuwa.

Mnakumbuka redio zile kuukuu za betri, ambazo ukizungusha kitufe cha volyumu inasema kra-kra hata kama hakuna stesheni? Yetu ya nyumbani ilikuwa hivyo, na tulichapwa kwa kuichezea. SID ya kwanza ilikuwa na tabia ya namna hiyo. Hata sauti zake zote tatu zikiwa zimenyamaza, ndani yake ilibaki volteji imesimama tu, isiyo na kazi. Kitufe cha volyumu hakijui kwamba hiyo si muziki. Kinaipunguza na kuiongeza kama kinavyofanya kwa kitu kingine chochote. Ukiweka 15, volteji hiyo inatoka karibu yote, na ukiweka 0 inazuiwa. Kila unapobadilisha, spika inaruka: tak! Kwa fundi wa sauti hiyo ni aibu, volyumu haipaswi kutoa mlio wa kwake. Kwa mtu mwenye sampuli mkononi na asiye na pa kuzipeleka, ni mlango ulioachwa wazi. Badilisha volyumu mara elfu kadhaa kwa sekunde, kwa namba za rekodi yako, na chipu itasema usichowahi kuambiwa inaweza.

Kama una VICE, chagua chipu ya 6581 na uandike hivi kwa BASIC:

10 POKE 54296,15
20 POKE 54296,0
30 GOTO 10

Halafu RUN. Hakuna sauti iliyowashwa, hakuna noti, lakini utasikia mngurumo. BASIC ni ya polepole mno kucheza hotuba, ndiyo maana kazi yenyewe hufanywa kwa asembli. Ila huo mngurumo ndio siri yote.

Sasa hesabu, kwa sababu hapa ndipo niliwaheshimu hawa wazee. Volyumu ina ngazi 16, kwa hiyo kila sampuli ni biti nne na baiti moja inabeba mbili. Ukicheza sampuli 8,000 kwa sekunde (kiwango cha simu ya mezani) unakula baiti 4,000 kwa sekunde moja. Kumbukumbu nzima ya mashine ingejaa kwa sekunde 16, bila nafasi ya mchezo, picha wala programu yenyewe. Ukitenga kilobaiti 16 kwa maneno, una sekunde nne. Waandishi wa michezo walipima maneno kama mama anavyopima mafuta mwisho wa mwezi.

Halafu wakati. Commodore 64 ya Ulaya hupiga mara 985,248 kwa sekunde. Gawanya kwa 8,000, unapata mapigo 123 kati ya sampuli na sampuli. Amri moja ya prosesa hula mapigo mawili hadi saba. Njia ya kawaida ni kuiweka saa ndogo iliyomo ndani ya mashine imkatize prosesa kila baada ya mapigo 123: acha unachofanya, hifadhi ulichoshika, soma sampuli, iandike kwenye 54296, iambie saa umesikia, rudi ulikotoka. Programu yangu ilikula mapigo zaidi ya 50 kwa kila mzunguko. Yaani karibu nusu ya nguvu ya kompyuta nzima iliishia kwa "Umekula?" peke yake.

Na bado kuna picha. Chipu ya picha hutumia kumbukumbu ileile, na kila mstari wa nane wa skrini humsimamisha prosesa kwa mapigo 40 au zaidi ili isome herufi za kuchora. Wenyewe waliiita mistari mibaya. Ni mistari 25 kwa kila picha, picha 50 kwa sekunde, yaani mara 1,250 kila sekunde sampuli yako inaweza kuchelewa, na sikio halisamehi kuchelewa, linasikia mkwaruzo. Dawa rahisi ilikuwa kuizima skrini wakati wa kusema. Mimi nilifanya hivyo, na sauti ya mama ikasafika mara moja. Lakini mchezo ulioizima skrini yake kila mhusika anapofungua mdomo ungekuwa mchezo gani? Kwa hiyo wengine waliyahesabu mapigo moja moja na kuishi na mkwaruzo uliobaki.

Nani aliugundua mlango huu kwanza, sitabishana. Ninachojua ni kwamba ulianza kutumika mapema sana. Programu ya S.A.M. ya Mark Barton, iliyotoka mwaka 1982 na kuletwa kwenye kompyuta kadhaa za nyumbani, ikiwemo Commodore 64, iligeuza maandishi kuwa matamshi na kuyapitisha kwenye hiyo volyumu. (Barton huyohuyo alishiriki kuifanya Macintosh iseme siku ilipozinduliwa Januari 1984.) Mwaka 1984 ndio mwaka wa maneno. Impossible Mission ya Dennis Caswell inaanza na mwanasayansi mwovu anayekukaribisha kwa sauti ya kukutisha, na Ghostbusters ya David Crane inapiga kelele ya jina lake. Maneno ya michezo yote miwili yalitayarishwa na kampuni ya Electronic Speech Systems, kwa ujuzi wa Forrest Mozer, profesa wa fizikia wa Berkeley. Kabla ya michezo, mbinu zake za kubana matamshi zilikuwa zimetumika kwenye kikokotoo kinachosema kwa ajili ya wasioona, katikati ya miaka ya 1970. Nalipenda jambo hilo. Sauti ya mwanasayansi mwovu ina ukoo mmoja na mashine iliyomsaidia kipofu kujumlisha.

Baadaye wanamuziki nao wakaingia. Martin Galway, aliyekuwa Ocean Software kule Manchester, aliweka sampuli ndani ya muziki wa Arkanoid mwaka 1987, na amesimulia kwamba aliijua mbinu kwa kuifungua programu ya mtu mwingine na kuichunguza. Mwaka huohuo Rob Hubbard akaweka gitaa na ngoma kwenye Skate or Die, gitaa la kweli, kwenye mashine isiyo na pa kuliweka. SID ikawa na sauti ya nne juu ya zile tatu za Yannes. Mmoja aliifungua programu ya mwenzake, mwenzake akamfungulia mwingine, na kitu ambacho chipu haikukusudiwa kufanya kikawa sehemu ya mlio wa mashine.

Kisha ikaja chipu mpya. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 Commodore walianza kuweka 8580 kwenye mashine zao mpya. Ilitengenezwa kwa njia ya kisasa zaidi, ilikula volti 9 badala ya 12, haikuchemka sana, kichujio chake kilitabirika. Na ile volteji iliyosimama ndani bila kazi waliipunguza ikabaki kidogo mno. Kwa mizani yoyote ya uhandisi ni chipu bora. Mtoto aliyenunuliwa kompyuta hiyo Krismasi akaweka Impossible Mission, akaona yule mwovu amebaki kunong'ona.

Nilipofika hapa nilikumbuka kazi yangu ya kwanza. Tulikuwa na mfumo wa kutuma jumbe fupi kwa maduka, na jibu lake la mafanikio lilikuwa na neno lililoandikwa vibaya, herufi moja imezidi. Wiki yangu ya pili nikalisahihisha, nikajiona mtu wa maana. Asubuhi iliyofuata mteja mmoja alikuwa hapati uthibitisho wa malipo hata mmoja, kwa sababu programu yake ilikuwa ikilitafuta lile neno pamoja na kosa lake. Nililirudisha kosa kabla ya saa sita. Liko hapo hadi leo, na sasa lina maelezo marefu yanayomkataza kijana mwingine kuligusa.

Commodore hawakulirudisha la kwao. Watumiaji walijitafutia dawa. Waliojua kushika chuma cha kulehemu waliweka rezista moja ndogo kati ya mguu wa chipu wa kuingizia sauti ya nje na graundi, na volteji iliyokosekana ikapatikana. Waliojua programu tu waliziwasha zile sauti tatu kwa makusudi na kuzigandisha mahali pamoja, zisipige noti yoyote, kazi yake iwe kusimama tu na kuijaza volteji iliyoondolewa. Mistari michache ya asembli inayoirudisha kasoro iliyotengenezwa! VICE nayo ina chaguo la 8580 iliyoongezewa nguvu hiyo. Ningelisoma lile menyu vizuri ningelala mapema.

Wakati huo wote njia ya halali ilikuwa imeshafunguliwa kwingine. Amiga ya mwaka 1985 ilikuwa na chipu iitwayo Paula, yenye njia nne za sampuli za biti nane, inayojisomea kumbukumbu yenyewe bila kumsumbua prosesa. Unaionyesha sampuli ilipo, unaendelea na shughuli zako. Na Yannes? Aliondoka Commodore, akaanzisha na wenzake kampuni ya Ensoniq, na chipu aliyobuni huko ya kucheza sampuli iliingia kwenye kinanda cha Mirage na baadaye kwenye Apple IIGS ya mwaka 1986. Mtu ambaye chipu yake ililazimishwa kucheza rekodi kupitia ufa, alikuwa tayari ameshajenga ile inayozicheza kwa mlango wa mbele.

Ufa wenyewe haukusahaulika. Mwaka 2014 Mswidi Pex Tufvesson, anayejulikana zaidi kama Mahoney, alionyesha kwamba biti nne hazikuwa mwisho. Rejista ile ina biti nane, na nne za juu ni za kichujio na za kuinyamazisha sauti ya tatu. Aliziwasha sauti kwa namna maalumu, akazipima thamani zote 256 kuona kila moja inatoa volteji gani, akazipanga upya kama mtu anayepanga vigae vilivyovunjika, na akapata ubora unaokaribia biti nane kutoka kitufe cha volyumu. Miaka 32 baada ya mashine kutoka.

Lakini kipimo hicho kinategemea chipu. Chipu za 6581 hazikufanana sana hata zilipotoka kiwandani, na sasa zinakufa moja moja kwa joto na uzee. Zinazotengenezwa leo kuziba pengo, na emuleta kama VICE, lazima ziige kwa uangalifu volteji ambayo haikupaswa kuwepo. Ukiiga tu kile ambacho mwongozo ulisema, yule mwovu hasemi, na gitaa la Hubbard halipo.

Jana nilimpigia mama simu nikaisogeza laptopu karibu, nikabonyeza. Chipu ya 6581, biti nne, sampuli 8,000, skrini imezimwa. "Umekula?" Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Nani huyo ana mafua?"